Mkono wa Kwanza Kubi Halake

Bulla Pesa, Isiolo
6 Julai 2025

Abiba abayo,

Salaam aleikum. Najua, dadangu, utacheka ukiona karatasi. Nimekupigia simu mara nyingi. Kwanza alijibu mume wako, halafu mtoto wa jirani, halafu mtu aliyetaka kujua bei ya mbuzi hapa Isiolo. Nikaona heri turudi kwenye barua, kama tulivyokuwa tukiandikiana likizo tukiwa sekondari. Hii inakuja na Abdighani, yule wa gari la miraa. Aliponiona na bahasha akauliza, "Hii ni ya posa ama ya talaka?" Nikamwambia ni ya nyasi. Akasema amebeba vitu vingi maishani, lakini nyasi iliyoandikiwa barua hajawahi.

Picha ya Februari, siku tuliyoanza kuchimba kisima, nimeibandika ukutani ofisini. Mimi nimeinua jembe lenye utepe wa kijani, saa ya marehemu baba imeteleza mpaka karibu na kiwiko. Wewe uko nyuma yangu unacheka. Mzee Galgalo yuko pembeni, anatazama chini. Unakumbuka wazee walivyonyamaza jembe lilipoingia ardhini? Wageni wa ofisi walipiga makofi, wazee wakanyamaza. Nilipenda ule unyamavu wao. Niliuona kama heshima.

Sasa kazi. Kamati ya Mfuko wetu wa Uoto Asilia inakaa Oktoba kuamua kama itaendelea kulipia Kubi Halake. Wewe ndiwe mwenyekiti wa akina mama, kwa hivyo nakuambia mapema. Wanataka kuona mambo matatu: kwamba miti ya mathenge iliyokatwa haijachipuka tena, kwamba nyasi ya mata gudesa mliyopanda imeshika, na kwamba miche ya miti ya dadacha iko hai kitaluni na inamwagiliwa kwa kile kisima. Wakiridhika, pesa itakuja kwa miaka miwili na mtapanda mlima mzima. Wasiporidhika, mtabaki na kipande kile kidogo, na mathenge itakimeza. Ile ni ardhi ya umma, Abiba, na hakuna mtu mwingine atakayeilipia. Mimi ndiye ninayeandika pendekezo. Nitumie picha na maneno yako mwenyewe.

Mama yangu, hoyo, anakusalimu. Siku hizi ana furaha, maana ndugu yangu Hamse amenunua boza, gari la tangi la maji, na kila akirudi safarini anamletea mitungi ya maji matamu. Hoyo anasema chai yake imerudi kuwa chai. Wewe unayajua maji yetu ya chumvi, uliyatema mezani mbele ya wageni siku ya Idd.

Wako,
Fathia Roble


Kubi Halake
19 Julai 2025

Kwa Fathia Roble,

Waleikum salaam. Barua nimepata. Ilinuka miraa mpaka mbuzi akaifuata.

Miche iko. Nyasi iko. Mathenge tunaikata kila Jumatatu, mimi na Mama Ganya na wengine, na miiba yake imetoboa ndara zetu zote. Picha iko ndani ya bahasha. Binamu yangu alipiga kwa simu, ikatolewa kwa karatasi Garbatulla.

Umeniandikia habari ya chai ya hoyo. Hapo nilisoma, nikaweka barua chini, nikasoma tena. Sijui ulitaka nijibu nini. Mwambie anywe kwa afya.

Hamse bado yuko na lile lori la ng'ombe ama aliliuza aliponunua boza? Nauliza tu.

Ile picha ya jembe itoe ukutani.

Abiba Waqo


Bulla Pesa
2 Agosti 2025

Abiba,

Salaam aleikum. Nimekaa na picha yako mbele yangu mpaka macho yakauma.

Miche naiona. Lakini kitalu kilikuwa kushoto kwa kisima, na kisima hakionekani. Aliyepiga alisimama akakipa mgongo. Nimejaribu kujiambia ni kwa sababu ya jua. Halafu nikaona vivuli vya miche vimelala kando, maana yake jua lilikuwa ubavuni mwake na lisingemzuia kugeuka. Huyo mtu alichagua mahali pa kusimama.

Kisha Kaari amerudi. Nilikuambia juu ya Kaari, yule wa Meru tuliyemwajiri azungukie miradi. Alikuja kwenu wiki jana bila kutangaza. Anasema ulimpokea vizuri sana, ukampa chai ya maziwa vikombe vitatu, na kila alipoinuka ukamkalisha.

"Nikamwambia, mama, wacha nione kisima," Kaari ananieleza. "Akaniambia, huko kuna nyoka. Nikamwambia, nina buti. Akaniambia, huyo nyoka anajua buti."

Alipoondoka aliangalia kwa mbali akaona lundo la matawi ya miiba mahali kisima kilipo. Kaari hana sababu ya kusema uongo. Wewe ulikuwa huna sababu pia.

Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa miaka minne, wewe juu, mimi chini. Nilijua unapolia hata ukiwa umefunika uso. Sasa unaniandikia "kwa Fathia Roble" kama mtu anayeandikia benki. Kuna kitu kimetokea na hutaki nikijue. Kisima kimeporomoka? Mmekifunga? Kuna mtu amekula kitu? Afadhali nisikie kwako kuliko niandikiwe na Kaari kwa lugha ya ofisi.

Hamse yuko, anahangaika na magari yake kama kawaida. Picha sijaitoa. Kwa nini niitoe?

Fathia


Kubi Halake
11 Agosti 2025

Fathia,

Unauliza kama kuna mtu amekula. Sawa. Umeuliza.

Hapa sisi tunaamka kabla ya adhana kwa ajili ya miche ya Mfuko wako, na wewe huko unapima vivuli. Wewe ulikuwa hivyo hata shuleni. Mtu akicheka unamuuliza amecheka nini.

Mimi nami nina swali, moja tu. Maji ya hoyo yanatoka wapi?

Ukinijibu hilo nitakujibu yote.

Abiba


MFUKO WA UOTO ASILIA
Ofisi ya Isiolo
18 Agosti 2025

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Akina Mama, Kubi Halake.

YAH: UFAFANUZI KUHUSU KISIMA NA KITALU

Kufuatia ziara ya afisa wetu, unaombwa kueleza kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi huu: (a) hali ya kisima kilichochimbwa kwa fedha za Mfuko, (b) njia inayotumika kumwagilia miche kwa sasa, (c) sababu ya afisa kuzuiwa kuingia. Kukosa maelezo kutazingatiwa na kamati wakati wa kuamua ufadhili.

Fathia Roble
Afisa wa Miradi

(Kwa mkono wangu: Maji ya nyumbani kwetu hayahusiani na mradi. Nilikuambia kwa wema, kama habari za nyumbani. F.)


Kubi Halake
27 Agosti 2025

Kwa Afisa wa Miradi,

Umeniandikia (a), (b) na (c). Mimi sina herufi nyingi hivyo. Keti usome.

Hamse alikuja mara ya kwanza Juni, mvua ilipokwisha, na boza jipya linang'aa. Akasema, "Mimi ni ndugu ya Fathia." Tulimchinjia mbuzi. Alipoomba maji tulimpa, na Mama Ganya akamjazia mitungi ya hoyo kwa mkono wake. Wiki iliyofuata akaja tena, na pampu. Halafu tena. Maji anauza Garbatulla, unajua bei ikoje kiangazi. Pampu yake ilikuwa ikivuta mpaka tope linapanda, na sisi tunakaa na miche tunangoja kisima kikusanye maji tena, na hakikusanyi. Dadacha zikaanza kuinama. Nikamwambia imetosha.

Hivi ndivyo alivyojibu, na watu wote walisikia:

"Mama, hiki kisima kina mwenyewe. Jembe la kwanza lilipigwa na nani? Si mlikuwa hapa mkipigiwa picha?"

Mzee Galgalo akamuuliza, "Kijana, sheria ya konfi umefundishwa na nani?"

"Bulla Pesa pia tuna masikio, mzee."

Mama Ganya akasema, "Basi dadako alete ng'ombe wake tuwanyweshe kwanza. Ako na ng'ombe wangapi? Ama ako na saa peke yake?"

Watu walicheka. Hamse hakucheka. Akasema, "Dada yangu ndiye anaandika pesa yenu. Mkinikataza maji, ataandika vingine."

Baada ya hapo ndipo barua yako ikafika. Unasema wewe ndiye unayeandika pendekezo, na mstari wa chini unaniambia hoyo anakunywa maji matamu ya boza. Ungekuwa mimi ungeelewa nini? Nilielewa kwamba unanikumbusha. Nilielewa mnafanya kazi pamoja, yeye kwa pampu na wewe kwa kalamu.

Na konfi unaijua. Mimi mwenyewe nilikufundisha, kwenye kile kitanda, tukiwa kidato cha pili. Anayepiga jembe la kwanza ndiye mwenye kisima, na ukoo wake unanywesha kwanza milele. Malisho yanafuata maji, kwa hivyo mwenye maji ndiye mwenye nyasi. Kubi Halake ni ya umma. Wazee walikuwa hawajakubaliana mkono wa nani uanze, na mwenye kipaza sauti wa ofisi yenu akaita jina lako. Ungeweza kukataa. Ule unyamavu ulioupenda haukuwa heshima. Ndivyo watu wanavyonyamaza wakiona kitu chao kinachukuliwa mbele ya wageni.

Wazee wamekifunga kwa mchanga na miiba mpaka ijulikane ni cha nani. Waliniambia nisiseme kwa ofisi mpaka wajue nyumba yenu inataka nini. Nami niliogopa. Nikikuambia kisima kimefungwa, unaandika hakuna maji, na pesa inakwenda. Ndiyo maana binamu yangu alikipa mgongo.

Miche tunaimwagilia kwa punda kutoka mtoni. Mama Ganya ameumia goti. Mingine imekufa, mingi iko hai. Hiyo ndiyo (a), (b) na (c).

Abiba Waqo
Mwenyekiti


Bulla Pesa
8 Septemba 2025

Abiba,

Nilipomaliza kusoma nilikwenda jikoni nikamwaga mtungi. Hoyo akapiga kelele. Nilimngojea Hamse mlangoni mpaka aliporudi na funguo zake.

"Maji ya hoyo unayatoa wapi?"

"Upande wa Garbatulla."

"Kwa nani?"

"Kwako." Akacheka. "Kwani hujui una kisima, abayo?"

"Uliwaambia watu nimekutuma?"

"Sikusema umenituma. Nilisema wewe ndiye unaandika. Ni uongo? Na uliponiambia maji yake ni matamu, ulikuwa unaniambia ya nini?"

Hilo ni kweli. Aliniuliza Mei, tukiwa mezani, maji ya Kubi Halake yako vipi, nikamwambia ni matamu kuliko ya huku. Mwezi uliofuata mitungi ikaanza kuja. Mimi ninayepima vivuli sikupima hilo. Uliponiuliza kuhusu lori nilikujibu "anahangaika na magari yake" na nikasikia mkono wangu unaandika haraka kuliko kawaida. Sikutaka kujua. Mimi ndiye mtu uliyekuwa unamshuku, na hukukosea sana.

Kuna jingine na nataka ulisikie kutoka kwangu. Nimejiuliza kama siku ile nilisahau konfi. Sikusahau. Waliponiita jina, kati ya kunyoosha mkono na kushika mpini, niliisikia sauti yako ya kidato cha pili. Nikashika. Babu wa baba yangu aliletwa Isiolo na jeshi la Mwingereza, akapewa mahali pa kujenga kibanda. Baba alizaliwa nyuma ya msikiti huu ninaousikia sasa hivi, na mpaka anakufa kuna karani aliyekuwa akimuuliza, "Lakini nyinyi hasa mnatoka wapi?" Nilitaka pawe na mahali ambapo ardhi imepokea jembe langu. Nilijiambia ni utepe tu, ni picha tu. Haikuwa picha tu.

Nimemweleza mkubwa wa ofisi kwamba ndugu yangu alikuwa akivuta maji ya mradi kwa jina langu. Alinyamaza, nami sikujua unyamavu wake ni wa namna gani. Faili ya Kubi Halake amepewa Kaari. Barua zako ambazo zingekuwa ushahidi sikumpa, nimemweleza kwa mdomo. Pendekezo ataandika yeye, na ataandika kile atakachokiona. Kwa hivyo kama kisima kitabaki na miiba mpaka Oktoba, ataandika miiba.

Hamse ameapa hatakuja tena. Simwamini. Waulizeni wazee wanataka nini kwangu. Nitakifanya.

Na mimi bado nina swali, unisamehe, siwezi kulala nalo. Kwenye ile picha, jembe liko hewani na wewe unacheka. Ulikuwa unajua ninachokichukua. Ulicheka nini?

Fathia


Kubi Halake
16 Septemba 2025

Fathia,

Wazee wanasema uje Alhamisi ijayo. Usije na gari la ofisi. Usije na Hamse. Ujifunike vizuri, kuna upepo wa vumbi.

Utasema kwa mdomo wako mbele ya watu kwamba jembe lile halikuwa lako, na kwamba nyumba ya Roble haina konfi Kubi Halake, wewe wala watoto wako. Ni maneno machache, lakini yakishasikiwa hayarudi. Ukiona huwezi, usije, tutaelewa.

Buna, kahawa yetu ya kutafuna, itakaangwa kwa samli. Safari ile wageni wako waliikataa kwa sababu ya mafuta. Wewe utatafuna.

Unauliza nilicheka nini. Nilicheka kwa sababu nilifurahi kwamba ni wewe. Hilo limenisumbua tangu Juni kuliko pampu ya ndugu yako.

Abiba


Bulla Pesa
14 Oktoba 2025

Abiba abayo,

Salaam aleikum. Bado nina ladha ya buna kinywani, ama najidanganya.

Kamati ilikaa jana. Kaari aliwaonyesha picha za kisima kikiwa wazi na miche imesimama, na akawaambia habari ya punda bila kuificha. Mmoja aliuliza kama mahali penye ugomvi wa maji panafaa kutiwa pesa ya watu. Kaari akamjibu kwamba mahali pasipo na ugomvi wa maji hajapaona tangu azaliwe. Wametoa pesa ya mvua mbili, yaani mwaka mmoja, hawakutoa ya miaka miwili niliyokuahidi. Kibao chenye jina la Mfuko hakitawekwa, hilo niliwaomba mwenyewe kabla sijatoka chumbani. Mimi nimehamishiwa kazi ya mbegu, nakaa stoo nahesabu magunia. Si adhabu, wanasema.

Hamse ameuza pampu, au ameificha. Hasemi na mimi. Hoyo amerudi kwenye maji ya chumvi. Akinywa chai ananitazama juu ya kikombe, halafu anamtazama Hamse, na sijui ni nani kati yetu anayemlaumu.

Nafikiria siku ile kila saa. Niliposema yale maneno sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine, na mzee Galgalo alinifanya niyarudie kwa sababu upepo ulichukua mwisho wake. Halafu vile mlivyofanya na jembe la kufungua kisima upya, sijawahi kuona kitu kama kile. Alipokataa kumpa mtu mmoja, akaamuru akina mama wote washike mpini pamoja ili asiwepo wa kwanza, mimi nilidhani anatania. Mkasongamana, wengine wakashika mikono ya wenzao kwa kukosa mahali, Mama Ganya akilalamika kwamba anakanyagwa goti. Jembe likainuka kama limebebwa na mnyama mwenye miguu mingi. Likaingia mchangani na safari hii watu wakapiga vigelegele.

Mimi nilisimama pembeni kama mlivyoniambia, na nilifurahi kusimama pembeni.

Niandikie mvua ikigusa.

Wako,
Fathia


Kubi Halake
25 Oktoba 2025

Fathia dadangu,

Waleikum salaam. Mvua imegusa. Imegusa kidogo, upande wa juu, lakini mata gudesa imeinua vichwa na ndama wote wanaijua njia ya ua wetu. Tumeweka zamu ya kuwafukuza. Kisima kinakusanya maji vizuri. Punda wamepumzika na mmoja ameanza kiburi.

Kaari alipita. Safari hii nilimpeleka mpaka ukingoni. Akaniuliza, "Na yule nyoka?" Nikamwambia amehamia Isiolo. Alicheka sana, halafu akaandika kitu. Sikupenda alivyoandika huku akicheka, lakini labda ndivyo wanavyofanya.

Sasa nisikilize. Jana mzee Galgalo alikuja nyumbani, akakaa, akanywa maziwa. Mume wangu alipotoka ndipo akafungua mdomo.

"Ile mikono siku ile ilikuwa yetu yote," akasema. "Niliiangalia. Mikavu, imepasuka na miiba. Lakini mmoja ulikuwa na saa."

Nikamwambia, "Ndiyo, mzee."

"Hapa ni nani ana saa kubwa ya kiume?"

Umeandika ulisimama pembeni. Nimeisoma sentensi hiyo kwa taa na kwa jua. Mimi nilikuwa kwenye mpini, Fathia. Nilikuwa nimeinama na mkono uliingia chini ya wangu, laini, na kile chuma cha saa kilikuwa baridi kwenye kifundo cha mkono wangu. Nilijua ni wako kabla sijageuka. Sikugeuka. Labda mtu alikusukuma, watu walikuwa wengi. Labda ulishika ili usianguke. Ulikuwa umemaliza kusema maneno yale dakika chache tu kabla ya hapo, na wazee walikuwa wameyapokea.

Sitakuuliza. Na wewe usiniandikie ukieleza, maana nikisoma maelezo yako nitaanza kuyapima, na nimechoka kupima.

Nilimwambia mzee Galgalo kwamba saa ni yangu. Nikamwambia uliniachia asubuhi ile, kama zawadi ya kuomba msamaha. Akasema ni zawadi nzuri, na kwamba atafurahi kuiona mkononi mwangu Ijumaa, tutakapokuwa wote kisimani kupanga zamu ya kunywesha.

Najua ilikuwa ya baba yako.

Mpe Abdighani ailete kabla ya Ijumaa. Usimpe Hamse. Na itoboe tundu moja zaidi kwenye mkanda, mkono wangu ni mwembamba kuliko wako, na mzee Galgalo anaangalia vitu kama hivyo.

Abiba